Mwaka wa Mlingoti wa Bwana Jayanti

Nitaanza na nyuki, ingawa nyuki hawahusiki. Enzi hizo meno yangu yote yapo, nilikuwa kibarua katika shamba moja la mkonge nje ya mji wa Morogoro. Palikuwa na tangi la maji juu ya mnara wa chuma, na kundi la nyuki lilikuwa limehamia chini ya lile tangi, mchana linashuka kuwauma wanawake waliokuwa wakianika singa, nyuzi za mkonge. Msimamizi akasema apande mtu. Akajitokeza Sudi, mtu wa maneno mengi kuliko kazi, akajifunga kanga ya mkewe kichwani, akaning'iniza kopo la moshi kwenye mkono, akaanza kupanda. Wanawake wakampigia kelele: "Sudi, asali ya kwanza ya mkeo, ya pili yetu!" Naye akajibu kutoka juu, "Nyie hamna adabu, subirini nishuke niwaoneshe!" Akashuka kweli, lakini kwa kuanguka, sentensi yake haijaisha. Hakufa. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, ila kiuno kilikwisha, akawa mtu wa kukaa kibarazani kuuza sigara moja moja. Kinachonijia mimi kila nikimkumbuka si ile sauti ya kuanguka. Ni jinsi tangi lilivyoendelea kudondosha maji yake vilevile. Msimamizi akatazama huku, akatazama kule, kidole kikaniangukia mimi. Nikapanda. Nilipopita urefu wa mnazi hivi nikashangaa, hofu imebaki chini, juu sinayo. Nikawachoma nyuki wale, nikashuka uso umevimba kama andazi. Tangu siku hiyo kila kilichokuwa kirefu hapa mjini waliniita mimi: vipaza sauti vya msikiti, antena za televisheni, mabango ya soda, matawi yaliyolalia mabati ya watu. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo hicho ndicho cheti changu, kupanda na kushuka mzima.

Na hivyo ndivyo Bwana Jayanti alivyonipata, nimsimamishie mlingoti wa antena juu ya paa la duka lake. Lakini ngoja kwanza niseme kwa nini namkumbuka sasa. Mwezi uliopita jengo lake limeuzwa na watoto wake, mnunuzi anataka kujenga ghorofa, na vijana wake wakaogopa kuugusa mlingoti uliokuwa juu ya paa. Wakanifuata nyumbani. "Babu, shikamoo. Tumeambiwa huu mchuma wewe ndiye uliyeusimamisha." Marahaba. Nikapanda, na umri huu, wao wananishikia ngazi huku wanachekacheka. Nati zilikuwa zimeliwa na kutu, nikazifungua moja moja kwa mafuta na matusi, nikaushusha vipande vipande. Nilipofika chini nikakaa juu ya kreti ya soda, nikashindwa kunyanyuka. Wakadhani ni magoti, mmoja akakimbia kuniletea maji. Hayakuwa magoti. Watu husema mtu hutengenezwa akiwa kijana. Huenda ni kweli kwa wengine. Mimi mwaka ulionitengeneza ulinikuta nina mvi na wajukuu, nimeshajihesabu kuwa nimekwisha kuwa vile nitakavyokuwa.

Duka la Bwana Jayanti lilikuwa la vifaa vya umeme, swichi, nyaya, balbu, betri za redio, katika mtaa wa maduka ya Wahindi. Mbele palikuwa duka kama maduka mengine. Nyuma, ukipita pazia la shanga, palikuwa na chumba kimoja kisicho na dirisha ila lile la vioo vya kupangana karibu na dari, na humo ndimo alimokuwa akiishi hasa, ingawa alikuwa na nyumba nzuri ghorofani. Mkewe alishafariki, watoto wako nje. Chumba kilinuka risasi ya kuchomelea na ubani wa asubuhi na dengu. Meza ilijaa redio, nyingine kubwa kama sanduku la nguo, nyingine ndogo kama sabuni, na katikati ya redio palikuwa na jiko la mafuta ya taa alilopikia dengu na chapati nyembamba mpaka unaona mkono upande wa pili. Nyama hakula, samaki hakula. Nikija na dagaa wangu wa kukaanga alinitoa nje: "Fundi Shomari, kakae pale mtaroni na maiti zako. Ukimaliza nawa kwa sabuni, ndiyo uingie." Naingia, ananimegea chapati na achari ya embe, tunakula upya. Tulikula hivyo mwaka mzima. Sijui kama nimewahi kula na mtu mwingine kwa amani namna ile, hata wake zangu.

Hizo redio zake hazikuwa za kusikiliza muziki na matangazo ya vifo. Ni redio ya ridhaa, ndivyo alivyoiita, mtu anapewa leseni na serikali, anapewa na jina lake la hewani la herufi na namba, basi anazungumza na wenziwe wa dunia nzima bila malipo, kwa kupenda tu. Nikamuuliza, mnaongea nini? Akasema, hali ya hewa, na antena. "Yaani unampata mtu wa Brazili, unamuuliza mvua?" "Na antena yake." "Basi?" "Basi. Halafu tunaagana." Nikacheka sana. Yeye hakucheka. Akaniambia kitu kimoja ambacho sikukitilia maanani siku ile: kwamba huko hewani hamuonani, hamjuani, kitu pekee mtu alichonacho ni kwamba anaposema mimi ni fulani, ni fulani kweli. Anayesema kwa jina lisilo lake huyo si mwenzao tena.

Sasa, huko juu kuna kituo kinachozunguka dunia, na ndani yake wanakaa watu, miezi na miezi, wanapokezana. Na wale watu wanayo redio kama za Bwana Jayanti. Wakipata nafasi huongea na watoto wa shule, leo nchi hii, kesho nchi ile. Lazima kila mahali awepo mtu wa kuyapanga yale maongezi, aandikiane na wakubwa wa mpango huo walio nje, atafute shule, aandae mitambo, akusanye maswali ya watoto na majina yao kwa mpangilio, ayatume mapema, maana mwanaanga anayasoma kabla. Kwa sababu muda ni mfupi. Kituo kinachomoza upande mmoja wa anga na kuzama upande mwingine kwa muda wa kula chapati mbili bila kuongea. Bwana Jayanti alikuwa ndiye mpangaji wa huku kwetu. Aliomba nafasi hiyo kwa muda mrefu sana, mpaka nikadhani ni mambo ya upweke tu, anajitungia. Halafu siku moja nafika namkuta amesimama katikati ya chumba, miwani mkononi, machozi. "Wamekubali, fundi. Tafuta shule."

Shule nikamtafutia mimi. Kule juu ya Mkuyuni, sekondari ya kata, ambako mpwa wangu Hadija alikuwa akisoma. Bwana Jayanti alinung'unika kuhusu milima, kwamba itakula sehemu ya anga, lakini alipoona uwanja wa shule akasema patafaa. Antena lazima ikifuate kituo kinavyopita, lakini mota ya kuizungushia ilikuwa imeungua, kwa hiyo tukafanya mpango wa kuizungusha kwa mkono, mimi chini ya mlingoti na mti mrefu, yeye ndani anapiga kelele, kulia, kulia, inua. Tulifanya mazoezi hayo juu ya paa la duka hadi wapita njia wakadhani tunafukuza popo.

Siku ya kuchagua swali nilikuwa kwa dada yangu Mwanahamisi, mama yake Hadija. Nyumba yao ina chumba cha mbele chenye mkeka na kabati la vyombo visivyotumika, na tulikuwa tunakula mashelisheli ya kuchemsha na chai ya tangawizi, nje mvua ya vuli imeganda juu ya mlima haitaki kushuka. Hadija amekaa mlangoni na kalamu mdomoni. Alikuwa mtoto wa maneno ya haraka, akisema kitu mwisho wa sentensi anapandisha sauti kidogo kama anayepanda ngazi. Mama yake anamtania: "Muulize kama huko kuna waume wasiokunywa pombe." "Mama!" "Nakusaidia tu. Basi muulize anajisaidiaje." "Hilo ameshalichukua Ramadhani wa darasani." Tukacheka mpaka chai ikanitoka puani. Halafu Hadija akasema, nitamuuliza mvua. Mjomba, yeye yuko juu ya mawingu, si ndiyo? Ndiyo. Basi mvua inayotujia sisi yeye anaiona kabla yetu? Nikamwambia sijui, mimi mwisho wangu ni minazi. Lakini nilielewa kwa nini anauliza. Kati ya nyumba yao na shule kuna mto, na mto ule tabia yake ni hiyo, kwenu jua linawaka, maji yanashuka kutoka huko juu bila kukuaga.

Swali likatumwa na jina lake, na maelezo mafupi ya ule mto. Masika yakaingia. Alhamisi moja wanafunzi walikuwa wanatoka shule, wakavuka, yeye akiwa wa mwisho kwa sababu alirudi kuokota kiatu. Sitaeleza zaidi. Walimpata chini kwenye migomba ya watu. Mwanahamisi alimwosha mwenyewe na wanawake wenzake, akakataa kusaidiwa kwenye nywele.

Kwetu sisi Waluguru, msiba hauendi bila watani. Kila ukoo, lukolo kama tunavyoita, yaani ukoo wa upande wa mama, una ukoo mwingine ambao ni mtani wake, na kazi ya mtani msibani ni kufanya yale ambayo wafiwa hawawezi. Anachimba, anapika, anatukana, anaficha jembe mpaka alipwe soda. Na anamuigiza marehemu. Anavaa nguo zake, anatembea kama yeye, anaingia sebuleni wenye msiba wamejiinamia, anasema kwa sauti ya marehemu, mbona hamjanipikia? Watu wanacheka huku wanalia. Ndivyo huzuni inavyotoka. Mtani wetu wa msiba huo alikuwa binti mmoja anaitwa Tausi, muuza chipsi pale sokoni Mkuyuni, alimaliza kidato cha nne, na kuigiza amejaliwa. Alivaa sweta la shule la Hadija. Akasimama mlangoni, kalamu mdomoni, akasema, "Mama, nimechelewa, kiatu kilinitoroka?" kwa ile sauti ya kupanda ngazi. Mwanahamisi alicheka. Nilimuona akicheka, na nikasema moyoni, huyu ataishi. Kwa sababu mtani akishamuigiza maiti, hakuna anayemjibu. Anasema, watu wanacheka, anavua sweta, imekwisha. Hivyo ndivyo mlango wa msiba unavyofungwa.

Siku ya redio ikawa inakaribia, na arobaini ya Hadija nayo. Bwana Jayanti akaniuliza kwa upole, tukila, kama aandike kwa wakubwa wa nje walitoe jina. Nikasema nitamuuliza mama yake. Mwanahamisi akashuka mwenyewe mjini, akasimama kwenye pazia la shanga, hakuingia. "Bwana Jayanti, shikamoo. Jina la mwanangu liache." Akasema, "Mama, huyo mwanaanga ataita Hadija, na Hadija hayupo." "Liache. Aitwe mara moja na mtu wa mbali." Bwana Jayanti alikuwa na chapati mkononi, akaiweka chini. Akasema sawa, rafiki yake atalisoma swali, aseme wazi kwamba anasoma kwa niaba ya mwenzake. Mwalimu mkuu, mtu mgeni wa huku, mtu wa Kanda ya Ziwa, naye akakubali. Na kweli lilikuwa jambo la heshima. Mpaka leo sioni mahali pa kumlaumu mtu.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, anga imeoshwa. Darasa limejaa, wazazi wamesimama ukutani, Mwanahamisi kwenye benchi la mbele, Tausi pembeni yake kama mtani anavyokaa na mfiwa, amevaa tena lile sweta, kwa sababu arobaini ilikuwa haijapita na desturi ilimruhusu. Mimi niko nje dirishani chini ya mlingoti mwingine tuliousimamisha shuleni, nasikia kila kitu. Bwana Jayanti akaita, akaita, redio ikakoroma. Halafu ghafla sauti ya mtu, safi kuliko simu, inatusalimia. Watoto wakapiga kelele mpaka mwalimu mkuu akagonga meza. Maswali yakaanza, mtoto anauliza kwa Kiingereza, anamalizia "ova", yaani zamu yako, anajibiwa, Bwana Jayanti ananipigia kelele kulia, fundi, kulia, mwalimu wa Kiingereza anatafsiri kwa haraka. Ramadhani akauliza la chooni, wakacheka juu, wakacheka chini.

Ikafika zamu ya Hadija. Yule rafiki yake akasimama mbele ya maikrofoni, akaitazama, na maneno hayakutoka. Kitu kile kinakwenda mbio angani, hakisubiri mtu. Mimi naona kwa dirisha mtoto amefumba mdomo kwa mikono miwili. Bwana Jayanti anamnong'oneza, sema mwanangu, sema. Hapo Tausi akanyanyuka. Sikumuona akifikiri. Kazi yake ni hiyo, mfiwa akishindwa yeye anafanya, na aliliona benchi zima limeshindwa. Akaishika maikrofoni, akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya Hadija, ile ya kupanda ngazi: mimi naitwa Hadija, je, mvua inayokuja kwetu unaiona kabla yetu? Ova.

Watoto wakacheka. Lazima ucheke, ni mtani. Hata kina mama ukutani wakacheka na kanga mdomoni. Mwalimu mkuu, asiyejua utani wetu, akasema, "Nini hiki?"

Halafu akajibu yule wa kituoni, na maneno yake yote Bwana Jayanti alinitafsiria baadaye. Akasema, Hadija, hilo ndilo swali nililokuwa nalingoja tangu nilipolisoma. Akasema, ndiyo, naiona. Huwa nayaona mawingu yakirundikana juu ya milima yenu. Lakini nakwenda kasi sana, Hadija, nikitaka kukwambia usivuke, nimeshafika juu ya nchi nyingine. Nakutakia maisha marefu. Ova. Mwalimu wa Kiingereza alitafsiri mpaka katikati akaacha. Hakukuwa na haja. Jina Mwanahamisi alilisikia mwenyewe, mara mbili. Na mimi nje, nimeshika mti wa antena, nikahisi baridi ya kitu ambacho sijawahi kukiona katika misiba yote niliyokalia: mtani alimuigiza maiti, na maiti akajibiwa.

Baada ya hapo dada yangu hakurudi tena kule kwenye kupona alikokuwa amefika. Alikuja mjini kesho yake, na siku iliyofuata, na akawa anakuja kila gari la asubuhi lilipompata. Anakaa dukani kwa Bwana Jayanti, kwenye kiti cha wateja, mikono magotini, anaangalia pazia. Wateja wanamsalimu, anaitika. Bwana Jayanti alimpa chai, alimpa chapati, alimfungulia redio asikie vile mwanaanga anavyoongea na shule za nchi nyingine. Nilimwambia siku moja, mdogo wangu, mbona unajitesa. Akaniangalia kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. "Kaka, unadhani nimechanganyikiwa? Najua amekufa. Nilimwosha mimi. Lakini yule hajui. Watu wote ninaokutana nao wananiangalia kwa macho ya mfiwa, wewe pia. Yule peke yake, akisema Hadija, anasema jina la mtoto aliye shuleni."

Bwana Jayanti naye akaanza kukonda. Dengu anapika, hali. Alikuwa amesaini kwamba yeye ndiye msimamizi wa maongezi yale, na jina lisilo la msemaji limepita hewani kwenye redio yake. Alitaka kuwaandikia wakubwa wa nje awaeleze. Mwanahamisi akamwomba asiandike. Akaahirisha. Halafu ikaja barua pepe kutoka kwao, akaisoma kwa sauti tukiwa watatu mle chumbani, akitutafsiria. Mwanaanga yule anakaribia kurudi duniani. Angependa, siku fulani mchana akipita juu ya Morogoro, amsalimu yule Hadija wa mvua. Kama anaweza kuletwa kwenye redio.

Jiko likaanza kutoa moshi. Bwana Jayanti akalizima. "Nitawaandikia leo," akasema.

"Usiandike, baba."

"Mama, nikinyamaza ni uongo. Ule wa kwanza ulikuwa msiba, naujua utani wenu, nimezaliwa hapa, nilicheka na mimi. Huu wa pili utakuwa wangu."

"Basi usiseme chochote. Usikubali, usikatae."

"Atapita hata nisiposema. Ataita."

"Na aite."

"Na mimi nimjibu nini?"

Dada yangu akasema, "Tausi yupo."

Nikatumwa mimi Mkuyuni kumchukua Tausi. Nilimkuta anamenya viazi nyuma ya banda. Nilipomweleza hakuacha kumenya. "Mjomba Shomari, kwa heshima, mimi nilishamaliza. Sweta nililivua, nikalifua, nikalirudisha. Mtani akishamaliza amemaliza. Mkinivalisha tena huo si utani, huo ni uchawi." Nikarudi mikono mitupu. Njiani nilifurahi kidogo, nikidhani sasa jambo limekufa lenyewe.

Siku ikafika. Bwana Jayanti alikuwa hajaandika kwa mtu yeyote. Kila asubuhi alikaa mbele ya kompyuta yake vidole vimenyanyuka, na kila asubuhi Mwanahamisi amekaa nyuma yake, hamsemeshi. Siku hiyo alikuja amevaa kanga mpya, amejipaka mafuta, kama anayekwenda kupokea mgeni. Alikuwa ameleta mihogo ya kuchoma kwenye kikapu, tukagawana, Bwana Jayanti akala kipande kimoja na chumvi, akasema ni mitamu. Alifunga mlango wa duka nusu. Mimi nilitakiwa niwe juu ya paa, lakini akaniambia kaa, fundi, leo antena ya kawaida inatosha, anapita utosini. Nikakaa kwenye kizingiti, mguu mmoja dukani, mmoja chumbani, pazia la shanga limenilalia begani.

Redio ilikoroma kwa muda. Nje nasikia muuza maji anapita, fundi cherehani wa jirani anabishana na mteja juu ya suruali. Halafu ikaja sauti. Ile ile. Ikataja jina la hewani la Bwana Jayanti, herufi na namba, ikasalimia Morogoro. Ikasema, Hadija, upo? Hilo hata mimi wa darasa la nne nililielewa.

Mwanahamisi hakumtazama Bwana Jayanti. Aliinamisha kichwa kwenye redio, amefumba macho, na nilimuona usoni, Mungu anisamehe, nilimuona amefurahi.

Bwana Jayanti alishika maikrofoni. Akabonyeza kitufe, redio ikanyamaza kumsikiliza. Akafungua mdomo. Nilikuwa karibu, niliona ulimi wake. Akaachia kitufe. Sauti ikarudi, ikauliza tena, kwa upole kabisa, kama mtu anayegonga mlango wa mtoto aliyelala. Hadija? Akabonyeza, akaachia. Halafu akageuka kwenye kiti, akauchukua mkono wa dada yangu, akaiweka maikrofoni kwenye kiganja, akamfungia vidole kimoja kimoja juu yake. Mwanahamisi akaiinua mdomoni, akaanza kusema kitu, kidogo kidogo, kwa Kiluguru, na kidole chake hakikuwa juu ya kitufe. Sauti ya juu ikaendelea kuita, ikaanza kuchanika.

Bwana Jayanti akatafuta kandambili zake chini ya meza kwa mguu, akazivaa. Akanipita kizingitini, akanigusa bega kama anavyofanya akitaka nimpishe. Nilidhani anakwenda kuvuta hewa. Akapita kati ya mabunda ya nyaya, akainama chini ya mlango uliofungwa nusu, akatoka juani. Niliona miguu yake tu, ikasimama kidogo kupisha bajaji, ikavuka barabara, ikapita kwa fundi cherehani, yule fundi akasema, "Mzee Jayanti, mchana mwema," na yeye akajibu, nilimsikia akijibu. Akakata kona ya kwenda chini. Duka wazi, redio inawaka, sahani yake ya mihogo mezani. Hakurudi, siku ile wala baadaye.